Meza ya Fundi: Msumeno wa Pembe Unaoteleza

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu kwa toleo hili zinahusu mashine moja, nayo ni msumeno wa umeme wa kukatia pembe ambao kichwa chake huteleza mbele na nyuma juu ya vyuma viwili, na ambao mafundi wengi huuita maita. Nimechagua tano. Baadhi nimezijibu kwa urefu kuliko ilivyo desturi ya safu hii, kwa sababu mashine hii imeingia katika karakana zetu kwa wingi, na wengi wanaoinunua huachiwa waijue wenyewe kwa kujaribujaribu, huku vidole vyao vikiwa ndivyo vinavyojaribiwa.

Shikamoo Fundi. Nina karakana ndogo Keko, Dar es Salaam, ninakotengeneza vitanda na makabati. Niliuacha msumeno wa pembe wa kawaida nikanunua huu unaoteleza ili niweze kukata mbao pana za mninga. Mara tatu sasa, nikiwa ninavuta kichwa kuja kwangu huku diski imo ndani ya ubao, msumeno umeruka juu ya ubao na kunijia kwa nguvu. Je, mashine ni mbovu au diski imekwisha makali?

Marahaba. Kwa maelezo yako, mashine ni nzima na huenda diski nayo ni nzima. Kilichopinduka ni mwendo wa kukata. Msumeno huu hukata kwa kusukumwa kwenda mbele, kutoka kwako kuelekea ule ukuta mdogo wa chuma ambao ubao huegemezwa, na haukati kwa kuvutwa hata mara moja.

Itazame diski ikiwa imesimama na plagi imechomolewa, ufuate mshale uliochorwa juu yake. Utaona kwamba meno ya upande wako hushuka, yale ya chini kabisa huelekea nyuma kwenye ukuta, na yale ya upande wa ukuta hupanda. Sasa fikiria tairi la pikipiki: sehemu yake inayogusa barabara husukuma nyuma, na pikipiki ikaenda mbele. Unapovuta kichwa kuja kwako diski ikiwa ndani ya ubao, unaifanya diski hiyo kuwa tairi na ubao kuwa barabara. Meno yanauma kutoka juu, na badala ya kukata taratibu yanapanda juu ya ubao na kukikimbiza kichwa upande unaokivutia, ambao ndio upande wa kifua chako. Diski ya milimita 255 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupeleka ncha za meno yake kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia kasi hiyo ikishajipatia njia ya kukimbilia.

Mpangilio unaofaa ni huu. Ubao ukiwa umekwisha kubanwa, vuta kichwa kuja kwako kikiwa juu na diski haijawashwa, hadi diski ipite ukingo wa ubao ulio upande wako. Washa, usubiri mpaka mlio wa mota utulie, maana hapo ndipo diski imefikia mwendo wake kamili. Shusha kichwa hadi chini, kisha ukisukume mbele kwa mwendo mmoja usio na haraka mpaka ubao uishe. Achia swichi ya kidole, ukiache kichwa palepale chini mpaka diski isimame kabisa, ndipo ukiinue. Mafundi wengi huiruka hatua hiyo ya mwisho, na huko ndiko vipande vidogo vinakotoka, kwa sababu diski inayopanda ikiwa bado inazunguka hukinyakua kipande kilichokwisha kukatika na kukirusha usoni au dirishani.

Kuna jambo jingine linalotokana na mzunguko huohuo. Unaposukuma mbele, meno yanayokata ni yale yanayopanda, kwa hiyo pamoja na kuusukuma ubao kwenye ukuta huwa yanajaribu kuuinua kutoka mezani. Ukuta unazuia msukumo wa kwenda nyuma, lakini hakuna kinachozuia kuinuka isipokuwa kibano. Ndiyo maana nasema, na nitalirudia katika majibu yanayofuata, kwamba ubao ushikwe na mashine, na mkono uwe msaidizi tu. Kibano kilichokuja na mashine yako, ambacho huenda kimekaa katika boksi hadi leo, ni sehemu ya msumeno kama ilivyo diski.

Ukikata mbao nyembamba ambazo diski inaweza kuzimaliza kwa kushuka tu, usiuteleze msumeno. Sukuma kichwa hadi mwisho kuelekea ukuta, kaza skrubu inayofunga mwendo wa kuteleza, kisha ukate kwa kushusha kama ulivyozoea kwenye mashine yako ya zamani. Hakikisha pia kwamba mashine imefungwa kwa bolti juu ya meza nzito, kwa sababu kichwa kikivutwa kuja kwako uzito wote huhamia upande wako, na mashine iliyowekwa tu juu ya meza inaweza kukuinamia. Nyuma acha nafasi ya kutosha ili vyuma vya kuteleza visigonge ukuta wa jengo katikati ya kukata.

Fundi, mimi ni kibarua katika karakana ya milango mjini Mwanza. Mkubwa wetu wa kazi ameifunga ile kinga ya plastiki ya diski kwa mpira wa baiskeli ili ibaki juu siku zote, akisema inachelewesha kazi na inaziba mstari wa kukatia. Wenzangu wote wamezoea. Je, ni kweli kwamba fundi mzoefu haihitaji?

Si kweli, na uzoefu hauhusiani na jambo hili. Kinga ya chini hupanda yenyewe kichwa kinaposhuka na hurudi yenyewe kichwa kinapoinuka. Kazi yake kubwa ni zile sekunde kadhaa ambapo fundi amekwisha kukata, ameachia swichi, macho yake yamekwenda kwenye ubao unaofuata, na diski ingali inazunguka. Wakati huo mkono hunyooshwa kuondoa kipande, na mkono wa mzoefu hunyooshwa haraka zaidi kuliko wa mwanafunzi, kwa sababu umezoea. Mashine zenye breki ya umeme hupunguza muda huo. Zisizo na breki huacha diski ikizunguka kwa muda mrefu kuliko fundi anavyodhani.

Hata hivyo malalamiko ya mkubwa wako yana chanzo cha kweli, na ni vema umweleze kwa heshima. Kinga inayochelewesha kazi karibu kila mara ni kinga chafu. Utomvu na unga wa mbao hujikusanya kwenye ekseli yake na kwenye springi, ikawa inakwama katikati, na plastiki nayo ikapata ukungu na mikwaruzo hadi mstari usionekane. Chomoa plagi, isugue kwa brashi na kitambaa chenye maji ya sabuni, uikaushe, kisha uinue na kushusha kichwa mara kadhaa ukiangalia kama inarudi bila kusaidiwa. Springi ikiwa imechoka, ibadilishwe. Plastiki ikiwa imekwaruzika isiyofaa tena, kinga mpya ni bei ndogo. Na mstari wa kukatia usomwe diski ikiwa imesimama: shusha kichwa mashine ikiwa imezimwa, meno yaguse alama ya penseli, rekebisha ubao, uubane, ndipo uinue kichwa na kuwasha.

Huo mpira wa baiskeli nimeuona ukitumika pia kufunga swichi ya kidole ili mashine ikae imewaka. Hilo ni baya zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, jambo ambalo sote tunalifahamu, msumeno huo huamka wenyewe bila mtu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake, na kufunga kinga ya mashine kwa makusudi ni kwenda kinyume cha wajibu huo. Wewe nawe una haki ya kuomba ifunguliwe kabla hujashika mashine.

Ninatengeneza fremu za picha na vioo hapa Mombasa, kwa hiyo ninakata vipande vifupi vingi, vingine vya sentimita 10 tu, kwa pembe ya digrii 45. Wiki iliyopita kipande kilinasa, kikapasuka, na kucha yangu ikang'oka. Tena baadhi ya mbao ninazonunua zimepinda. Nifanyeje?

Pole sana, dada. Kucha itaota, nafurahi kwamba ni kucha tu.

Nianze na mbao zilizopinda, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa nazo kwa njia mbaya. Nikiwa bado mwanafunzi wa kazi niliwahi kuegemeza ubao wa mkongo uliopinda kidogo, tumbo lake likiwa upande wangu na ncha zake mbili zikigusa ukuta. Katikati, mahali diski ilipopita, palikuwa na uwazi usiozidi unene wa kidole. Diski ilipokaribia kumaliza, ubao ukauziba huo uwazi, ukaibana diski pande zote mbili, na nusu ya ubao ikapita sikioni mwangu. Tangu siku hiyo ninaugeuza kila ubao uliopinda ili tumbo, yaani upande ulioumuka, liguse ukuta mahali hasa diski inapopita, kisha ninaubana. Njia ya diski ikikatika, nusu mbili huachana badala ya kukumbatiana. Na ubao ulionyongeka, unaoyumba juu ya meza ukiubonyeza pembeni, haufai kukatwa hapa mpaka upigwe randa.

Sasa vipande vifupi. Weka alama kwa penseli au rangi juu ya meza ya mashine, sentimita 15 kulia na sentimita 15 kushoto kwa diski. Eneo hilo mkono usiingie diski ikizunguka, hata kwa kazi ndogo namna gani. Ukiona kwamba ili kushika ubao lazima uingie ndani ya mstari, basi ubao huo haushikwi kwa mkono. Kata vipande vyako kutoka katika ubao mrefu, ukianza na ubao mzima na kupunguza kila mara, na ubao ukibaki mfupi usioweza kufika nje ya alama, ubane kwa kibano au uumalizie kwa msumeno wa mkono na sanduku la kukatia pembe. Watengenezaji fremu wa zamani walitumia sanduku hilo, na kwa kipande cha sentimita 10 bado silioni kama ni hatua ya kurudi nyuma.

Ninashuku kwamba kipande chako kilinasa kwa sababu ya kizuizi cha vipimo. Wengi, wakitaka vipande vyote vilingane, hufunga kigingi upande wa kipande kinachoanguka, ili kila kipande kigonge hapo. Kipande kikishakatika hakina anayekishika, kiko kati ya kigingi na diski, kinajipinda kidogo tu na hapo hapo kinabanwa na kurushwa. Kigingi kikae upande wa ubao uliobanwa, na kipande kinachoachana kiwe huru kusogea pembeni. Kama kazi yako inakulazimisha kupima kwa upande unaoanguka, weka kijiti cha unene unaojulikana kati ya kigingi na ubao, pima, ubane ubao, kisha uondoe kijiti kabla ya kuwasha, ili ibaki nafasi.

Kwa vipande vidogo kama vyako nakushauri pia ufunge ubao mwembamba kwa skrubu kwenye ukuta wa mashine, upande unaokutazama, na ubao mwingine juu ya meza, kisha uzikate zote mara moja kwa diski hiyohiyo. Ule ufa utakaopatikana utakuwa na upana sawa na diski, na vipande vidogo havitakuwa na shimo la kuzamia. Skrubu ziwe mbali na njia ya diski.

Usivuke mikono, yaani usishike ubao wa kulia kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukiwa kwenye swichi. Na unapolaza kichwa pembeni ili kukata pembe mbili kwa wakati mmoja, chomoa plagi kwanza, ukishushe na kukisukuma hadi mwisho bila umeme, uangalie kama diski inagusa ukuta au kibano. Kwenye mashine nyingi sehemu ya juu ya ukuta husogezwa pembeni kwa ajili hiyo, na wengi husahau.

Ndugu yetu aliyeko Marekani alitutumia msumeno wa aina hii, umetumika kidogo. Una plagi ya vidole bapa na umeandikwa volti 120, amperi 15. Diski tulizopata dukani Arusha zina tundu tofauti na ekseli yake. Tufanyeje?

Kwanza, msiuchomeke kwenye soketi ya kawaida kwa kubadilisha plagi tu. Umeme wetu ni volti 230, na mota ya volti 120 ikipewa huo itazunguka kwa kasi isiyoundwa kwayo kisha itaungua, na katika muda huo mfupi diski itakuwa inapita mwendo wake salama. Mnahitaji transfoma ya kushusha umeme. Volti 120 mara amperi 15 ni wati 1,800, na kwa kuwa mota huvuta zaidi inapoanza, transfoma isiwe chini ya volti-amperi 3,000 (VA, kipimo cha uwezo wa transfoma). Zile ndogo za redio zitayeyuka. Tofauti ya hezi 60 na 50 haitawasumbua, kwa kuwa mota za misumeno hii kwa kawaida ni za brashi za kaboni na hazitegemei hilo.

Waya wa ekstensheni uwe mfupi na mnene. Milimita za mraba 2.5 ndiyo chaguo langu, na kama umezungushwa kwenye roda ukunjuliwe wote, maana waya uliokunjwa hupata joto. Waya mwembamba hupunguza nguvu ya mota, diski ikawa inapunguza mwendo ndani ya ubao, na diski inayopungua mwendo ndiyo inayonasa.

Kuhusu tundu, misumeno ya Marekani ya inchi 10 kwa kawaida ina ekseli ya inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, wakati diski nyingi zinazouzwa hapa zina tundu la milimita 30 au 25.4. Pete ya kupunguzia tundu inakubalika ikiwa imetengenezwa kiwandani kwa vipimo hivyo hasa na inakaa bila kucheza. Pete ya bati iliyokunjwa kwa nyundo haikubaliki, kwa sababu diski isiyokaa katikati hutikisika na kufungua nati. Someni pia mwendo wa juu ulioandikwa kwenye diski. Lazima usiwe mdogo kuliko ule wa mashine. Na mchague diski ambayo meno yake yamesimama wima au yameinamia nyuma kidogo. Diski ya kupasulia mbao kwa urefu, ambayo meno yake yameinama sana mbele, huuma kwa pupa na inaufanya msumeno huu kurukia mbao. Kwa kukata mbao ngumu kwa upana, diski ya inchi 10 yenye meno 60 inafaa. Mnapobadilisha, plagi iwe nje, na mkumbuke kwamba nati nyingi za misumeno hii hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa.

Nyongeza kwa wote wanaokata mvule: ndani ya mti huo hukutwa mawe meupe magumu ya chokaa, yasiyoonekana kwa nje, nayo huvunja meno ya diski papo hapo. Ukisikia mlio umebadilika ghafla, achia swichi na usiendelee. Vumbi lake, kama la mninga, huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuteni ile ya kuchuja vumbi laini, na miwani, na vizibo vya masikio. Glavu msivae mbele ya diski inayozunguka, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa huvuta mkono mzima. Kwa sababu hiyohiyo, anayetoka msikitini Ijumaa akiwa na kanzu abadilishe kwanza.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, amemaliza shule na anajifunza kazi kwangu Morogoro. Ana mkono mwepesi na anapenda mashine. Je, naweza kumwacha akate kwa maita nikiwa karibu?

Mjomba, hapana, usubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mazingira ya hatari, na imetaja wazi kwamba hata sehemu zisizo rasmi zimo, kwa hiyo karakana ya nyuma ya nyumba haiko nje ya sheria hiyo. Hata kama sheria isingekuwapo ningekujibu hivyohivyo, kwa kuwa kijana mwenye mkono mwepesi huamini mkono wake, na mashine hii inamtaka mtu auweke mkono wake mbali.

Miaka miwili si ya kupotea. Mfundishe kusoma ubao na kujua tumbo lake liko upande gani, kupima, kuchora alama, kunoa patasi, kupiga randa, kukata digrii 45 kwa msumeno wa mkono hadi kona zifunge bila ufa. Mfundishe pia kusafisha maita na kubadilisha diski plagi ikiwa imechomolewa na wewe umesimama hapo, ili siku atakapoiwasha awe anajua kila sehemu yake inafanya nini. Asikupokelee ubao kwa kuuvuta unapokata. Mbao ndefu ziwekewe stendi yenye kimo sawa na meza ya mashine. Misumeno mingi ya aina hii ina tundu dogo kwenye swichi ya kidole kwa ajili ya kufuli. Nunua kufuli hilo wiki hii, lifunge kila unapotoka karakana, hata kama unakwenda kunywa chai tu, na ufunguo wake ukae mfukoni mwako.